Reli ya vitani: kwa nini hujengwa kwa miezi, na kwa nini si sawa na SGR

Barazani kwetu Mkunazini, Unguja, kulizuka mjadala uliomaliza birika mbili za kahawa bila ya wenyewe kumalizika. Kijana mmoja alikuwa amerudi kutoka Dodoma kwa treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme itokayo Dar es Salaam. Alituonesha picha kwenye simu, akasifu, kisha akataja kwamba ujenzi ulianza mwaka 2017 na abiria wakaanza kupanda mwaka 2024. Mzee aliyekaa pembeni akatikisa kichwa. "Miaka saba! Wakati wa vita vya Mjarumani, mwanangu, wanajeshi walitandika reli porini kwa miezi, na risasi zinapita juu." Kijana akamjibu kwa adabu, "Ami, labda reli zenyewe zilikuwa tafauti."

Hapo kila mmoja akatia lake. Mmoja akasema ndiyo ile reli ambayo simba wa Tsavo waliwala wajenzi. Mwengine akasema hata ya Bububu ilijengwa na jeshi. Mwengine akauliza hivyo vita vya Mjarumani ni vya Hitla au vya kabla yake. Tulipoondoka, reli nne na vita viwili vilikuwa vimeshakuwa hadithi moja. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hamu ya kuitenganisha, maana mzee alikuwa na ukweli mkononi, na kijana naye alikuwa na ukweli wake.

Tuanze na vita. "Vita vya Mjarumani" katika kauli ya wazee wetu ni Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Ujerumani, Kenya ilikuwa chini ya Uingereza, na Unguja na Pemba zilikuwa nchi ya Sultani chini ya himaya ya Uingereza. Vita vya Hitla vilikuja baadaye, 1939. Reli aliyoisema mzee ni ya vita vya kwanza, na iliyo karibu nasi kuliko zote ni ile iliyotoka Voi, Kenya, ikapita Maktau na Taveta, ikaishia Kahe, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Wahandisi wa kijeshi ni askari ambao silaha yao kubwa ni sepetu, shoka, kamba na baruti. Leo Tanzania tunawaita wahandisi wa medani. Wanajenga madaraja, wanachimba visima, wanafyeka njia, wanategua mabomu; na jeshi likirudi nyuma, wao ndio wa mwisho kuondoka, wakivunja madaraja yale yale ili adui asiyatumie. Miongoni mwao wapo waliofundishwa kazi ya reli tu. Waliojenga reli ya Voi walikuwa hasa Kombania ya 25 na ya 26 za reli za kikosi cha Sappers and Miners, Jeshi la India.

Neno jengine linalochanganya ni "mstari wa mbele". Watu hudhani treni ilikwenda mpaka pale askari wanapotazamana kwa bunduki. Sivyo. Reli huishia nyuma kidogo, mahali ambapo mizinga ya adui haifiki kwa urahisi, au mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu. Hapo nitapaita ncha ya reli. Mfikirie nahodha wa jahazi lililojaa shehena mbele ya pwani yenye maji mafupi. Halipandi mchangani, linatia nanga, na mashua ndogo na vichwa vya watu humalizia safari. Ncha ya reli ni pale jahazi lilipotia nanga. Mengi ya yale yaliyotokea vitani yaliamuliwa na umbali baina ya nanga na pwani.

Hesabu ya tumbo

Kosa kubwa barazani lilikuwa kudhani kwamba reli ya vitani hujengwa ili ipeleke askari wakapigane. Askari ana miguu. Anachoshindwa nacho ni chakula chake, maji yake, risasi zake na majeruhi wake. Hapa ndipo hesabu inapotisha, na naomba msomaji anifuate polepole, kwa sababu ukiielewa hesabu hii utaelewa kwa nini majenerali walikubali kusubiri reli miezi kadhaa badala ya kusonga mbele.

Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 kichwani. Huo ndio mzigo wa kawaida katika vita vile, pengine ukazidi kidogo. Naye ni mtu, lazima ale. Tuseme anakula kilo moja kwa siku. Kambi ya askari iko mwendo wa siku tano kutoka ncha ya reli. Atakwenda siku tano na kurudi siku tano, kwa hiyo kilo 10 katika zile 25 ni za tumbo lake mwenyewe. Anafikisha kilo 15.

Sasa askari wasonge mbele wafike mwendo wa siku kumi. Mpagazi anakula kilo 20 njiani kwenda na kurudi. Anafikisha kilo tano. Wakisonga siku mbili na nusu zaidi, mpagazi anakula mzigo wote. Anafika mikono mitupu, amechoka, na amelisha jeshi hewa.

Chukua jeshi la watu 10,000, kila mmoja kilo moja kwa siku, yaani tani 10 za chakula peke yake, bila ya risasi wala dawa. Kambi ikiwa mwendo wa siku tano, wanahitajika wapagazi takriban 670 wafike kila siku, na kwa kuwa kila mmoja huchukua siku kumi kukamilisha safari, njia nzima inataka watu karibu 6,700. Kambi ikiwa mwendo wa siku kumi, wanahitajika 2,000 wafike kila siku, na safari ni ya siku 20. Hao ni watu 40,000. Umbali umezidi mara mbili, watu wamezidi mara sita.

Pengine utauliza, punda na ng'ombe je? Nyika ile ina mbung'o, na wanyama walikufa kwa maelfu. Malori yalikuwepo, lakini udongo mwekundu wa kule mvua ikinyesha huwa kama uji, na gari likizama huzama na njia yake.

Halafu weka treni. Behewa kumi, kila moja tani 10, jumla tani 100. Hiyo ni mizigo ya wapagazi 4,000 kwa mkupuo mmoja, na watu wanaoiendesha hawafiki kumi. Msuguano wa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma ni mdogo mno. Aliyewahi kusukuma rikwama Darajani anajua: kwenye lami mtu mmoja anatosha, kwenye mchanga wanne wanalia. Reli ni lami ya lami.

Kwa hiyo kila maili ambayo ncha ya reli ilisogea mbele ilikuwa inapunguza mwendo wa wapagazi, na kila siku iliyopunguzwa iliokoa watu wengi na chakula kingi. Ndiyo maana jeshi zima lilikuwa likiwangoja mafundi wenye mitaimbo.

Kutoka Voi hadi Kahe

Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji mdogo wa Taveta mpakani na kukiimarisha kilima cha Salaita mbele yake. Kutoka hapo doria zao zilikuwa zikipenya mpaka kwenye reli ya Uganda, ile ya Mombasa kwenda Kisumu, na kutega baruti chini yake. Waingereza walitaka kuwatoa, lakini baina ya Voi na Taveta kuna zaidi ya kilomita 100 za nyika isiyo na maji. Jeshi haliwezi kuvuka pale kwa kuomba dua tu.

Mapema mwaka 1915 wahandisi wakaanza kutandika kutoka Voi. Vifaa vingi vilitoka India kwa meli. Juni mwaka huo huo treni zilikuwa zinafika Maktau. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura, na mengine yalibebwa na treni zenyewe ndani ya matangi. Hili la maji naliwekea mkazo, kwa sababu treni ya mvuke nayo ina kiu. Kichwa cha treni kinakunywa maji kama kinavyokula kuni, na katika nyika kavu reli inaweza kujikuta inabeba maji kwa ajili yake mwenyewe, kama yule mpagazi anayekula mzigo wake.

Kutoka Maktau kazi ikasimama kwa miezi, jeshi likisubiri nguvu zaidi. Januari 1916 wakasonga hadi Mbuyuni. Februari 12 askari wa Afrika Kusini wakajaribu kuiteka Salaita na wakarudishwa nyuma na askari wa Kiafrika wa jeshi la Mjerumani. Mwezi huo huo Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini akashika uongozi wa jeshi la Waingereza. Machi akawazunguka Wajerumani, ukapiganwa usiku mzito katika vilima vya Latema na Reata, Moshi ikachukuliwa, na tarehe 21 wakapigana Kahe. Nyuma yao reli ilikuwa ikiwafuata. Smuts aliripoti kwamba ilisonga kwa wastani wa maili moja kwa siku, na ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na kupima njia, kufyeka pori zito na kuweka vituo vya maji. Maili moja ni kama kilomita moja na nusu na ziada. Kabla ya katikati ya mwaka ilishaungana na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi.

Iliungana vipi, na nchi zilikuwa za maadui? Hapa lipo jambo ambalo watu wengi hulipita bila kuliona. Reli hupimwa kwa upana baina ya chuma na chuma. Ndiyo inayoitwa geji. Reli ya Uganda ya Mwingereza ilikuwa na geji ya mita moja kamili. Reli ya Usambara ya Mjerumani, ile ya Tanga kwenda Moshi, nayo ilikuwa ya mita moja. Maadui wawili, kila mmoja kwa sababu zake za kupunguza gharama, walikuwa wameshachagua kipimo kimoja kabla ya vita. Laiti zingetafautiana hata kwa kidole kimoja, kila gunia lingelazimika kushushwa Kahe na kupakiwa upya kwenye treni nyengine. Jaribu kutia kifuniko cha sufuria moja juu ya nyengine iliyo pana kidogo tu. SGR ya leo ni milimita 1,435, ndiyo maana behewa la reli ya zamani haliwezi kuingia juu yake.

Na sisi Unguja tulikuwa na habari zetu za kutazama pale Kahe. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg iliingia mbele ya bandari yetu na kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Mizinga ya Pegasus haikuweza kuifikia. Mabaharia waliokufa wamezikwa kisiwani Chapwani, na anayekwenda kule kwa mashua huyaona makaburi mpaka leo. Königsberg ikakimbilia delta ya Rufiji na mwisho wake ukawa huko, Julai 1915. Lakini Wajerumani waliitoa mizinga yake na kuiburuta nchi kavu. Mmoja wao uliwekwa Kahe, kuwapiga wale waliokuwa wakiifuata njia ya reli, na Wajerumani wakauvunja wenyewe walipoondoka. Mzinga uliosikika Forodhani alfajiri ile ukamalizikia kilomita mamia kutoka baharini, kwenye njia panda ya treni. Mizinga ya Pegasus nayo iliopolewa na kwenda kupigana bara. Ukifika Fort Jesus, Mombasa, utaukuta mmoja wa kila upande.

Haraka inatoka wapi

Sasa turudi kwa mzee wetu. Ni kweli maili moja kwa siku ni mwendo mkubwa. Lakini tutazame walichokiacha ili waupate.

SGR imeinuliwa juu ya tuta lililoshindiliwa kwa tabaka, juu yake kokoto, juu yake mataruma ya zege, na kwengine imepitishwa juu ya madaraja marefu au ndani ya mahandaki ya mlima. Imenyooshwa kona zake ili treni ya umeme iende kilomita 160 kwa saa. Reli ya vitani huchagua ardhi ilivyo. Penye kilima huzunguka, hata kama kuzunguka kunaongeza maili. Penye korongo hushuka na kupanda. Kokoto ni chache au hakuna. Madaraja ni magogo yaliyopangwa kwa kupishana kama kuni za kuchomea chokaa, mpaka yafike juu. Treni inakwenda polepole, pengine mtu mwenye haraka angekimbia nayo sambamba, na mvua ikija sehemu huzama na kurekebishwa upya.

Ni tafauti ya turubai la harusi na nyumba ya mawe. Turubai husimama kwa asubuhi moja na likawastiri watu mia tano, na hakuna anayelidharau kwa hilo. Lakini hakuna anayemwambia mwashi, "Mbona mwenzako alimaliza kwa asubuhi moja?"

Siri ya pili ya haraka ni kwamba reli hujijenga kwa kujitumia. Vyuma na mataruma ni vizito mno kubebwa porini, kwa hiyo treni huvileta mpaka mwisho wa chuma kilichokwishatandikwa. Watu wanashusha, wanapanga mataruma, wanaweka pande mbili za chuma, wanapiga misumari, wanafunga maungio kwa nati, na treni inasogea mbele juu ya kile kilichowekwa dakika chache zilizopita. Mama zetu wanaosuka ukili wa mikeka wanaijua kazi hii bila ya kufundishwa: unachomeka mwaa mpya pale ulipoishia wa zamani, na ukili unarefuka kutoka mkononi mwako. Aliyeifanya kazi hii kwa umaarufu mkubwa kabla ya vita vile ni Percy Girouard, luteni kijana kutoka Kanada. Mwaka 1897 alisimamia reli ya jeshi la Jenerali Kitchener wa Uingereza kupita jangwa la Sudan kutoka Wadi Halfa hadi Abu Hamed, karibu kilomita 370, kuanzia Januari hadi mwisho wa Oktoba. Huyo huyo baadaye, mwaka 1909, akawa gavana wa Kenya.

Lakini ukili una udhaifu wake. Ukikatika mahali pamoja, vyote vilivyo mbele vimekatika. Unguja tunalijua hili kwa maumivu. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani kwa sababu waya mmoja wa umeme unaopita chini ya bahari ulikuwa umeharibika. Viwanda, hospitali, visima, mafriza ya samaki, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye waya ule mmoja. Reli ya vitani ni waya huo. Jeshi lote la mbele linaning'inia juu yake.

Ndiyo maana adui hakuwa na haja ya kushinda vita vikubwa. Alituma watu wachache na baruti. Doria za Kijerumani zilikuwa zikitembea siku nyingi katika nyika, zikibeba maji yao, kwenda kutega chini ya reli. Waingereza wakaanza kusukuma mabehewa yenye mchanga mbele ya kichwa cha treni ili baruti ilipukie hapo. Wajerumani wakabadili mtego ili usilipuke mpaka behewa la kwanza limepita. Na hapa kuna dhana nyengine ya kurekebisha: kung'oa pande la reli si hasara kubwa. Mafundi wenye vifaa hulirudisha kwa saa chache. Hasara ya kweli ni kichwa cha treni, ambacho hakitengenezwi porini, na daraja, na tangi la maji.

Wajerumani walilijua hilo vizuri. Walipoondoka katika reli ya kati mwaka 1916, ile ya Dar es Salaam kwenda Kigoma, walivunja madaraja moja baada ya jengine. Morogoro ikachukuliwa mwishoni mwa Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na wahandisi wa upande wa pili wakakuta reli ndefu iliyokatwakatwa. Hawakungoja kujenga madaraja upya. Walijaza magogo mabondeni na, kwa kuwa madaraja yale ya magogo hayakuweza kubeba kichwa cha treni, wakachukua malori mepesi, wakayabadili magurudumu na kuyapitisha juu ya reli yakivuta mabehewa machache. Kijana wetu wa barazani alikwenda Dodoma akipita karibu na njia ile ile. Mzee alikuwa sahihi kwamba waliifungua kwa miezi. Kijana alikuwa sahihi kwamba kilichofunguliwa si alichopanda yeye.

Kuhusu simba na kuhusu Bububu

Simba wa Tsavo ni wa mwaka 1898, walipokuwa wakijenga reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896 na kufika ziwani 1901. Haikuwa reli ya vitani. Msimamizi wa daraja la Tsavo, John Patterson, alikuwa na cheo cha jeshi, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Voi na Tsavo ni jirani, na reli ya vita ilichipuka kutoka kwenye ile ya zamani kama tawi.

Ya Bububu nayo haikujengwa na jeshi lolote. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza kubeba abiria mwaka 1905 kutoka upande wa Ngome Kongwe hadi Bububu, maili saba hivi, na katika miaka ya 1920 ikakoma. Kabla yake Sultani Barghash alikuwa na kijireli chake cha kwendea kasri la Chukwani. Nimesikia tangu skuli kwamba jina Bububu limetokana na sauti ya treni. Hadithi ni tamu lakini haiwezekani: Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, na anasimulia siku alizoishi pale akiwa kijana, miaka mingi kabla ya treni ile kupiga honi.

Waliokuwa na majembe

Bado kuna dhana moja, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Tukisema "wahandisi wa kijeshi walijenga", macho hupata picha ya maofisa wachache wenye ramani. Maofisa walikuwepo, na ujuzi wao ulikuwa wa kweli. Lakini pori halifyekwi kwa ramani. Askari wa Sappers walikuwa Wahindi, wakisaidiwa na vibarua wengi wa Kihindi. Na waliofyeka, waliochimba, waliobeba mataruma na magogo, walikuwa Waafrika. Na pale ncha ya reli ilipoishia, ile hesabu yangu ya kilo 25 haikuwa hesabu. Ilikuwa watu.

Wengine walitoka hapa kwetu. Unguja ilikuwa na kikosi chake cha wapagazi. Mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Kanisa la Mkunazini aliwakusanya watu na kwenda nao bara akiwa mkuu wao. Watu wa visiwani, waliozoea bahari, karafuu na minazi, wakajikuta wanapanda milima ya bara katika mvua na baridi wakiwa na gunia kichwani. Jeshi la wapagazi lilijulikana kwa Kiingereza kwa jina la Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza kuwa Kariakoo. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa kambi yao. Nairobi pia ina Kariakoo yake. Sisi tuna uwanja wa Kariakoo ambao watoto humiminika siku za Idi, na sijui ni wangapi kati ya wazazi wanaowashika mikono wanajua jina hilo lilizaliwa na nini.

Kumbukumbu rasmi za Uingereza zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika vita vile. Wanahistoria wengi wanaona hesabu ya kweli inakaribia 100,000. Wachache walikufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, hasa baada ya 1916, vita vilipohamia kusini ya reli ya kati, mbali na treni yoyote. Huko Kilwa na Lindi zilijengwa njia ndogo za vigari vya kusukuma, lakini hazikutosha, na mwendo wa siku tano ukawa siku kumi, na siku kumi zikazidi. Turudi kwenye ile hesabu: wapagazi 6,700 wanakuwa 40,000, na kila mmoja anakula mzigo uliokuwa umpe nguvu mwenzake. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yao Chapwani. Wapagazi wengi wa Unguja waliobaki kule hawana hata jiwe.

Nilimrudia mzee siku ya pili na kumweleza haya. Alinyamaza muda, kisha akaniuliza kama wametajwa mahali popote. Nikamwambia wapo mahali pamoja ambapo anapita kila akienda Dar. Ukishuka boti na kuelekea stesheni ya SGR, si mbali utakuta Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Juu yake yuko askari mmoja na bunduki yake, hakuna mtu mwenye mzigo. Lakini maandishi ya chini, na yapo kwa Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Mzee akasema safari ijayo ataomba asimamishiwe gari hapo ayasome mwenyewe.